Kikundi cha Alhamisi Bado Kipo, Hajati

Hajati,

Kikundi bado kipo. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, hata kabla ya kuniuliza kama nimekula. Bado tunakutana Alhamisi baada ya alasiri, bado ni uwanjani kwako hapa Bwaise, na bado Nalongo anachelewa na kuja na sababu ndefu. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, maana kuna wakati tulidhani kimekwisha.

Utanisamehe mwandiko. Mkono wa kushoto umezoea mengi, lakini na kalamu bado wanagombana. Nekesa alitaka kuniandikia, nikamwambia hapana, haya nayaandika mwenyewe. Yuko nje anaanika nguo za watoto wetu. Mvua ya asubuhi imepita, limetoka lile jua kali la baada ya mvua, na njia ni tope tupu kama unavyoijua.

Sijui barua inamfikiaje mtu aliye huko uliko. Mchungaji wangu ana maoni yake, na shehe wako nadhani ana yake. Mimi najua tu kwamba tangu tukuzike Bombo kuna maneno yamenikaa kifuani, na Nekesa amechoka kunisikia nikiongea peke yangu.

Nataka kukushukuru. Ulipokuwa hai sikuweza. Kila nilipojaribu ulinikatiza: "Wewe fundi, wacha siasa, kunywa chai." Leo huwezi kunikatiza, Hajati. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Unakumbuka ulivyonikuta? Nilikuwa fundi wa injini na giaboksi kule Kisenyi, Mkenya kutoka Bungoma, na garaji nzima ilinijua. Siku ile tulikuwa chini ya lori, jeki ikateleza, giaboksi ikashuka kabla sijautoa mkono wangu wa kulia. Hospitali walijaribu, wakashindwa, wakaukata juu kidogo ya kifundo. Nilirudi nyumbani na bandeji mahali palipokuwa na kiganja, nikalala, nikageukia ukuta.

Watu walidhani nalilia kazi. Kazi ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni mambo ambayo mtu mzima anaona haya kuyasema. Nitamsalimu mtu vipi? Nikimpa wa kushoto, si nimemtukana? Nitakula vipi mbele za watu? Mimi nilikua nikichapwa vidole kila nilipogusa chakula kwa mkono ule. Nikaanza kula nyuma ya pazia, kwa kijiko, watoto nimewapa mgongo. Wenzangu wa garaji walikuja kuniona, nikamwambia Nekesa awaambie nimelala. Walikuja tena, nikalala tena. Mwishowe wakaacha. Nekesa akaanza kufua nguo za watu ili tule. Jioni nilimsikia akivua viatu mlangoni polepole asiniamshe, nami nilikuwa macho.

Ndipo ukaja wewe, jirani yetu, Mnubi, mjane wa askari. Mtaa mzima ulikuita Hajati ingawa hukuwahi kufika Maka. Mwenyewe ulicheka: "Maka sijaona, lakini jina nimepata bure." Nilikuwa nimekuona mara nyingi barazani, umejifunga gurbaba, kile kitambaa chenu cha rangi, unasuka vikapu na kumwita kila apitaye. Zaidi ya salamu hatukuwahi kuongea.

Hukunipa pole. Hilo ndilo la kwanza nililoliona. Kila aliyeingia chumba kile alianza na pole, bambi, pole sana, halafu akatazama chini. Wewe ulisimama mlangoni ukanitazama mimi.

"Fundi," ukasema, "Alhamisi kuja kwangu. Iko watu wanakutana. Kuja na kiti, viti yangu iko kidogo."

Nikakwambia mimi si fundi tena. Na kiti nitakibebaje?

"Mkono moja inabeba kiti moja," ukasema, ukaenda zako.

Nilikasirika mpaka nikaketi. Nekesa anasema hasira ile aliipokea kama mgeni, maana ilikuwa muda mrefu hajaona kitu chochote usoni mwangu. Na Alhamisi ilipofika nilikuja na kiti changu, kusudi nikwambie uso kwa uso kwamba sitakuja tena.

Sikujua kikundi kilikuwa cha nini. Nilidhani ni cha kuweka akiba, au cha dini. Baadaye ulinisimulia kwamba baada ya mafuriko fulani makubwa walikuja vijana wa shirika moja, wakawakusanya akina mama wa mtaa na kuwafundisha mazoezi ya kufanya pamoja, ili kila mtu atambue kitu ndani yake kinachomwinua akianguka. Walikuwa na neno lao, ustahimilivu, na karatasi kubwa za kuchorea, na kalamu za rangi. Muda wao ukaisha wakaenda mtaa mwingine, na mafuriko yaliyofuata yakachukua karatasi. Wewe ukaendelea.

"Walifundisha vizuri sana, wale watoto," uliniambia. "Lakini hapa Bwaise karatasi inakunywa maji. Nikasema, basi, iko miguu, iko mikono, iko mdomo. Tutatumia hiyo."

Siku ile ya kwanza ulitufunga macho kwa leso, nusu yetu, na nusu wakawa waongozaji. Aliyefungwa avuke uwanja kutoka mlangoni hadi kwenye bomba la maji, kwa sauti ya mwenzake tu, bila kushikwa. Mimi ukanipa Nalongo, yule mama wa Kiganda mwenye mapacha anayeuza makaa, mwenye sauti ya kuita wateja hadi Barabara ya Bombo.

"Wafura!" akapiga kelele; Nalongo hajawahi kulisema jina langu, Wafula, sawasawa hata leo. "Kuria! Nimesema kuria! Wacha! Simama! Wewe Wafura, hiyo ni beseni!"

Nilikuwa nimekwisha kuingia. Mguu mzima ndani ya nguo zilizolowekwa. Uwanja wote ukacheka, na katikati ya kicheko kile nikasikia mtu mwingine anacheka karibu sana nami, na mtu huyo alikuwa mimi.

Ulipotufungua ukaniuliza, "Ulikuwa hauoni. Nini ilikupeleka mbele?"

"Sauti."

"Ya nani?"

"Ya Nalongo."

"Hata kama ilikupeleka kwa beseni?"

"Hata hivyo."

"Kale, sawa. Ya leo ndiyo hiyo," ukasema, ukaenda kuleta chai. Nami nikasahau kukwambia kwamba sitakuja tena.

Wiki iliyofuata nilikuja na Nekesa. Ulituketisha duara, ukataka kila mtu amtazame aliye kulia kwake na aseme jambo moja alilomwona akilifanya. Sifa ulizikataa. "Sitaki mambo ya 'yeye mzuri'. Sema umeona nini." Mama mmoja akasema alimwona mwenzake akimrudishia mtoto wa jirani kiatu kilichoanguka mtaroni. Zamu ikamfikia Nekesa, na aliye kulia kwake nilikuwa mimi. Akanigeukia.

"Nilimwona akiwasha kiberiti," akasema. "Hakujua ninamwangalia. Alibana boksi kwa magoti, akapiga, njiti ikavunjika. Akachukua nyingine, ikavunjika. Akachukua nyingine. Ikawaka. Nikajiambia, kumbe mume wangu hajafa."

Hajati, mimi na mwanamke yule tumelala chumba kimoja miaka na miaka, na sikujua kwamba alikuwa amekwisha kunihesabu na wafu. Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba yako, nikaegemea ukuta. Nekesa alitaka kunifuata, ukamshika gauni. Alinieleza baadaye ulichomwambia: "Wacha. Anarudi." Na kweli nilirudi.

Lakini siku ninayotaka kukushukuru zaidi ni ile ya kupika.

Tulikuta majiko yamewaka, unga uko kwenye sinia, maharage yamechemka, na kando kuna rundo la vitambaa. Ukatangaza kwamba leo tunapika chapati na mchuzi, na kila mtu anafungwa mkono wa kulia mgongoni. Kila mtu, na wewe mwenyewe. Nalongo akapinga: kwao mkono wa kushoto haugusi chakula cha watu.

"Kwangu pia haigusi," ukamjibu. "Tutanawa na sabuni. Funga mkono."

Yaliyofuata unayajua. Bakuli linamzunguka anayekanda. Kitunguu kinakimbia kwenye sinia na mama mzima anakifukuza na kisu. Nalongo amekumbatia bakuli la unga kama mtoto anayekataa kuoga, unga umemjaa hadi kwenye nyusi. Wewe chapati yako ya kwanza ilitua kwenye majivu, ukaiambia neno la Kinubi ambalo Sauda binti yako amekataa kunitafsiria.

Mimi nilisimama nikiwatazama, na polepole nikaelewa kitu. Hawa hawajui. Mimi najua. Miezi yote ile nyuma ya pazia, wakati nilipoona aibu hata kwa watoto wangu, nilikuwa najifunza.

"Nalongo," nikasema, "weka kitambaa kibichi chini ya bakuli."

Akaweka. Bakuli likatulia. Akanitazama kana kwamba nimefanya uchawi.

"Na kitunguu?" mwingine akauliza.

"Kiegemeze kwenye ukingo wa sinia, ukikate kwanza katikati. Kikilala hakikimbii."

"Na sufuria, Fundi?"

"Ibane na mawe mawili."

Nikajikuta nazunguka uwanja mzima, nainama hapa, naonyesha pale, kama nilivyokuwa nikizunguka garajini kutoka gari hadi gari. Sijui nilizunguka muda gani. Najua tu kwamba nilipoinua uso nilikuona umekaa na chapati yako mbichi mkononi, hupiki tena, unanitazama.

Kisha chakula kikawekwa, sinia moja kubwa, watu wakafunguliwa mikono yao. Hapo nikarudi nyuma. Kupika nilikuwa nimejifunza, kula na watu bado. Ukaupiga mkeka kando yako.

"Fundi, kaa hapa. Kula."

Nikakuinamia nikakwambia kwa sauti ya chini, "Hajati, mimi nina wa kushoto tu."

Wewe hukushusha sauti. "Mungu anajua mkono gani amekuachia. Amekuachia hii, anataka ukule na hii. Ama wewe unataka kumfundisha?"

Nikaketi. Nikamega chapati, nikachovya. Hakuna aliyeuondoa mkono wake kwenye sinia. Kijana wangu mkubwa, aliyekuwa amekaa kando ya Nekesa, alinitazama nikitafuna, halafu akaendelea kula kama watoto wanavyokula, bila kuwaza. Wewe ukajifanya una shughuli na chumvi.

Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kurudi mtaani. Unakumbuka kila kikao kilivyoisha: kila mtu aseme atafanya nini kabla ya Alhamisi nyingine. Aliyesema "nitakuwa na nguvu" ulimrudisha. "Nguvu sitaki. Sema utaenda wapi." Mimi nikasema nitakwenda Kisenyi kusalimia tu. Mara ya kwanza nilifika kwenye stendi ya teksi nikageuka. Nikaja nikawaambia ukweli kwamba nimegeuka, nanyi mkanipigia makofi kwa kufika stendi. Niliwaona wendawazimu. Safari iliyofuata nilifika. Wenzangu wakaweka spana chini. Yule tuliyekuwa naye chini ya lori hakutafuta mkono wa kushika, alinikumbatia tu, na mafuta yake yote, akalia begani kwangu. Leo nina pembe yangu kwenye stoo ya garaji ile, nauza spea, na injini ikiwashinda huniita niisikilize. Nekesa ameacha kufua za watu.

Na siku ya mafuriko, Hajati! Hiyo nayo siwezi kuiacha. Ulikuwa umetuchezesha mchezo wa "maji yameingia": ukipiga kofi, kila mtu aseme atashika nini kwanza na ataelekea kwa nani. Nalongo kila mara alisema televisheni. Ulimsema, tulimcheka, hakubadilika. Halafu maji yakaja kweli, alfajiri, na televisheni ya Nalongo ikabaki mezani kwake. Nilipofika kwako nikiburuta miguu ndani ya maji nilimkuta Nalongo anatoka mlangoni mwako amekubeba mgongoni, wewe unampiga bega, unapayuka, "Wacha mimi! Enda beba TV!" Naye anahema, "Nyamaza, Hajati, wewe ni mzito." Televisheni ile haikuwaka tena. Nalongo hajawahi kuisikitikia mbele yangu.

Sasa nikueleze ya baada yako.

Presha ilikuchukua asubuhi, umetoka kuswali, umekaa barazani na kikapu. Sauda alinipigia simu, akalitaja jina lako tu, nikaelewa. Siku hiyo hiyo tulikupeleka Bombo ukalale karibu na wazazi wako. Nilisimama nyuma, mimi Mkristo, sijui utaratibu, lakini jamaa zako wakanisogeza mbele, nikalibeba jeneza begani kwa zamu yangu. Wakaniachia nafasi nitupe udongo. Sikuuliza kama wa kushoto unafaa. Nilikuwa nimekwisha kujibiwa.

Baada ya hapo tukatawanyika. Nyumba ilifungwa, maana Sauda ana duka lake la vitambaa Nakivubo na anaishi huko upande wa mjini. Alhamisi ikija kila mtu alijipa kazi. Mwishowe Nalongo akatukusanya kando ya barabara, kwenye makaa yake, akanielekezea kidole cheusi: "Wafura, wewe ongoza."

Niliongoza vibaya. Nilijaribu kusema kama wewe, kwa maneno yako na hata kwa mikono yako. Nikawafunga watu macho pale barabarani, boda boda zinapita, honi zinalia, hakuna anayemsikia mwenzake. Na kulikuwa na mgeni, Furaha, mama kijana kutoka Kongo, fundi cherehani, ambaye Nalongo alimleta kwa sababu amepanga jirani naye na hakuwa akitoka ndani. Nilimpelekea leso ya kufunga macho. Akaishika, akaitazama, akanirudishia.

"Muko munacheza," akasema. "Mimi mutoto wangu alikufa."

Hajati, nilitafuta ungesema nini. Nilitafuta kila mahali kichwani mwangu. Sikupata hata neno. Watu wakafunguana leso zao wenyewe, wakaenda mmoja mmoja.

Usiku sikula. Nikamwambia Nekesa kikundi kimekufa na mwenyewe. Nekesa anajua kunitazama kama wewe siku hizi. Akasema, "Hajati alikuita kwake ukakae na watu. Hakukwambia uje ujue majibu."

Kesho yake tukaenda kwa Furaha, mimi na Nekesa. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka, na juu ya shuka kuna vumbi. Nikamwambia nimekuja kusema kwamba alisema kweli, tulikuwa tunacheza, na hatukujua namna nyingine. Alituletea maji. Nekesa ndiye aliyemuuliza, polepole, mtoto aliitwa nani. Furaha akalikamata pindo la kitenge chake.

"Tangu nilimuzika, hakuna mutu aliniuliza hiyo," akasema.

Jina hakulitaja. Tulipoinuka akatusindikiza mpaka mlangoni. "Nitakuja," akasema, "kama hamutanifunga macho."

Wiki ile ile Sauda akatuma ujumbe: nyumba amepata mpangaji, twende Alhamisi tuchukue viti vyetu. Tukaenda wote. Alikuwa mlangoni na funguo, amechoka uso, naona hata kwake kufungua mlango ule kulikuwa na kazi yake. Tulianza kubeba viti. Lakini hakuna aliyetoka na chake. Mmoja aliketi kupumzika, wa pili akaketi, na punde tukawa duara, kama zamani, bila mtu kusema tuwe duara.

Wakanitazama mimi. Safari hii sikujaribu kuwa wewe. Nikasema leo sina mchezo. Nikasema kila mtu, akitaka, amtaje mtu wake aliyeondoka, amtaje kwa jina, na aseme kitu kimoja alichopata kwake. Asiyetaka anyamaze, ni sawa.

Nalongo akaanza. Alikutaja wewe, Mastura, jina lako lenyewe, akasema ulimfundisha kusuka kikapu na kikapu chake ni kibaya hadi leo, lakini siku alizosuka hakulia. Wengine wakafuata. Mimi nikamtaja baba yangu. Nekesa akamtaja dada yake. Ikamfikia Furaha, nami nikawa tayari kumruka.

"Neema," akasema.

Akalikamata tena pindo la kitenge.

"Neema alipenda kuimba ndani ya beseni. Nikimuogesha anaimba, maji ikiwa baridi anaimba tu. Mimi nilikuwa namukataza, nasema, nyamaza, majirani wanalala." Akasimama hapo, akapumua. "Alinipatia kicheko. Kila siku. Hiyo ndiyo alinipatia."

Nalongo akamkamata mkono, na hakuna aliyemwambia Furaha asilie. Alilia tukiwa tumekaa. Ilichukua muda wake.

Halafu tukasikia sauti mlangoni. Sauda alikuwa hajaondoka. "Na mimi naweza?" akauliza.

Akaketi kwenye ngazi. Akasema siku moja alikuja kukutembelea akakukuta jikoni peke yako, mkono wa kulia umeufunga na leso, meno yakisaidia kuvuta fundo, posho, ugali wako, imeungua, moshi umejaa, na wewe una machozi. Akapiga kelele akidhani umeumia. Ukamwambia, "Iko fundi moja jirani. Amekatwa mkono. Mimi nataka kujua anaumwa wapi." Na ukafanya hivyo wiki nzima, akasema Sauda, hata kufua, hata kufunga gurbaba, mpaka yeye akakuona umezeeka akili.

Hajati. Mimi nilidhani wazo lile lilikujia tu asubuhi ya Alhamisi. Sikujua ulikuwa umepitia nyuma ya pazia langu kwanza, wewe na umri wako, na presha yako. Na hukusema. Uliketi na chapati yako mbichi ukaniacha nijione mjuzi.

Nekesa ndiye aliyemwambia Sauda asante kwa niaba ya nyumba yetu.

Sauda akainuka, akajipangusa uso kwa mtandio. "Nyumba nitapangisha, sina njia," akasema. "Lakini mpangaji nitamwambia uwanja Alhamisi una wenyewe. Asipotaka, nitatafuta mwingine." Kisha akatuuliza kama bado tunakunywa chai, na sukari iko wapi, nyumbani kwa mama yake mwenyewe.

Mpangaji alikubali. Ni mzee mpole, anatoka na kiti chake anakaa pembeni, na wiki iliyopita tulimsikia naye akitaja jina la mkewe. Furaha anakuja. Siku nyingine anaongea, siku nyingine hapana. Nekesa anasema amepita kwake akakuta shuka limeondolewa kwenye cherehani, na gauni la shule la mtoto wa mtu limelazwa juu yake, limeshonwa upande mmoja.

Basi, Hajati, karatasi inaisha na mkono umechoka. Asante kwa kuniita fundi nilipokataa jina hilo. Asante kwa Nekesa wangu, maana yeye pia ulimrudisha, ila hana tabia ya kusema. Asante kwa posho uliyoiunguza.

Idd ikifika tutapanda gari wote tuje Bombo, Nalongo amekwisha kuagiza tumngoje kwa sababu atachelewa. Tutapalilia pale ulipo, watakusomea dua wanaojua kusoma, na sisi wengine tutanyamaza nao. Na nakuahidi hili moja, ninaloliweza: mtu yeyote akija uwanjani kwako akatwambia tunacheza, sitabishana naye wala sitamtafutia maneno. Nitamuuliza aliyemkosa aliitwa nani, kisha nitakaa nimsikilize mpaka amalize.

Pumzika, mama yetu. Mungu akuweke mahali pakavu.

Ni mimi,
Wafula